Dhahabu hupimwa hadi senti, pumzi ya mtoto nani anaipima?

Mwaka 2001, kipande kimoja cha dhahabu kiliuzwa nchini Marekani kwa dola milioni 8. Kilikuwa na uzito wa kilo 29 hivi, karibu sawa na mtoto wa miaka tisa. Kwa bei ya soko ya wakati huo, dhahabu iliyokuwamo haikufika hata dola laki tatu. Fedha nyingine zote mnunuzi alilipia historia.

Historia hiyo imegongwa kwa mihuri juu ya dhahabu yenyewe. Kuna jina la wapimaji, Kellogg & Humbert wa mjini San Francisco. Kuna uzito, wakia 933.94. Kuna kiwango cha usafi, sehemu 903 kati ya 1,000. Mwisho kuna thamani yake kwa bei ya miaka ya 1850: dola 17,433 na senti 57.

Kipande cha namna hiyo, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa Kiswahili huitwa mkuo. Mikuo ya zama zile za California imekuwa kitu cha makumbusho na cha matajiri. Lakini ina somo kwa mzazi yeyote ambaye mkate wa nyumba yake unatoka machimboni, na somo hilo halimo katika maandishi ya mihuri. Limo katika kile ambacho hakuna aliyekiandika.

Mali yenye daftari

Januari 24, 1848, fundi aitwaye James Marshall alikuwa akisimamia ujenzi wa mashine ya kupasulia mbao huko Coloma, California, alipoona chembe zinazong'aa ndani ya mfereji wa maji. Habari zikaenea. Wanaume wakaacha mashamba, maduka na wake zao wakakimbilia huko. San Francisco, mji uliokuwa na watu kama 1,000 mwaka 1848, miaka miwili baadaye ulikuwa na zaidi ya 20,000.

Wachimbaji walikuwa na dhahabu lakini hawakuwa na fedha. Mtu alibeba vumbi la dhahabu kwenye kifuko cha ngozi, na akiingia dukani alilipa kwa kipimo cha vidole viwili: muuzaji anachota kidogo, biashara imekwisha. Muuzaji mwenye vidole vinene alikuwa na faida yake. Serikali ya Marekani haikuwa na kiwanda cha kupiga sarafu San Francisco hadi mwaka 1854, na hata baada ya hapo kazi ilikuwa nyingi mno.

Hapo ndipo walipoingia wapimaji binafsi. Mchimbaji alileta vumbi lake, likayeyushwa mbele ya moto mkali na kumiminwa likawa mkuo. Kisha mpimaji alikata kijipande kwenye pembe ya mkuo ule akaenda nacho maabara. Alikiyeyusha pamoja na risasi ndani ya kikombe kidogo kilichotengenezwa kwa majivu ya mifupa. Risasi, pamoja na uchafu wa madini mengine, ilinyonywa na kikombe, ikabaki punje ya dhahabu na fedha. Punje ile ilichemshwa kwenye asidi ya nitriki, fedha ikayeyuka, dhahabu ikabaki peke yake. Ikipimwa tena kwenye mizani nyepesi kabisa, tofauti ya uzito ilitoa jibu: katika kila sehemu 1,000, dhahabu ni ngapi.

Baada ya hapo mihuri iligongwa: namba, uzito, usafi, thamani, jina la mpimaji. Bei haikuwa ya kubahatisha, kwa kuwa dhahabu safi ilihesabiwa dola 20 na senti 67 kwa wakia. Jina la mpimaji ndilo lililokuwa dhamana. Akidanganya mara moja, hakuna benki itakayopokea mkuo wake tena.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wapimaji wa California waliandika daftari lao juu ya mali yenyewe.

Dhahabu iliyozama

Septemba 1857, meli ya abiria iitwayo SS Central America ilikuwa njiani kwenda New York, ikiwa imebeba abiria na dhahabu ya California, ilipokumbwa na kimbunga karibu na pwani ya Carolina. Maji yaliingia, moto wa mitambo ukazimika. Wanaume walipanga mistari wakakumba maji kwa ndoo usiku kucha.

Meli ndogo iitwayo Marine ilipotokea, nahodha William Lewis Herndon aliamuru wanawake na watoto watangulie kwenye mashua. Wakaokoka. Manusura walisimulia baadaye jinsi wanaume waliofanya kazi miaka mingi machimboni walivyofungua mikanda yao na kumwaga dhahabu sakafuni, anayetaka achukue. Hakuna aliyejali. Mtu hawezi kuogelea na kilo kadhaa za chuma kiunoni, hata kama chuma hicho ni dhahabu.

Meli ilizama Septemba 12. Zaidi ya watu 400 walikufa, nahodha Herndon akiwamo. Huko New York, ambako mabenki yalikuwa yameanza kuyumba, kupotea kwa shehena ile kuliongeza hofu ya mwaka huo.

Mabaki yalipatikana mwaka 1988, kwenye kina cha mita 2,200 hivi. Mikuo zaidi ya 500 ilitolewa, kazi ya nyumba tano za wapimaji. Ule wa dola milioni 8 ulikuwa mmoja wao, na mihuri yake ilisomeka kama iliyogongwa jana. Dhahabu haipati kutu.

Watu wengi husimulia habari hii kama kisa cha hazina. Kwa mzazi, kuna sehemu nyingine ya kutazama: siku maji yalipofika shingoni, wanaume wale walijua mara moja kipi ni kizito na kipi ni cha thamani. Watoto walipanda mashua kwanza. Shida ni kwamba si kila hatari huja na mawimbi na kelele. Nyingine huingia ndani ya nyumba bila rangi wala harufu.

Ambacho muhuri haukusema

Dhahabu nyingi ya California haikuokotwa kwa mkono ikiwa vipande. Ilikuwa vumbi laini lililochanganyika na mchanga, na ili kulikamata, wachimbaji walimwaga zebaki kwenye mifereji ya kuoshea. Zebaki hushikana na dhahabu na kuacha mchanga uende zake. Mchanganyiko ule ukipashwa moto, zebaki hugeuka mvuke na kuondoka, dhahabu inabaki.

Zebaki yenyewe ilipatikana hapo hapo California, kwenye mgodi wa New Almaden karibu na San Jose. Ilisafirishwa kwenye chupa za chuma, kila moja ikibeba kilo 34 hivi. Mwaka 1859 ilipogunduliwa hazina kubwa ya fedha na dhahabu huko Nevada, inayojulikana kama Comstock, vinu vya kusagia mawe vilijengwa kando ya Mto Carson, navyo vikatumia zebaki kwa wingi. Mikuo ya fedha ilitoka kule ikiwa imegongwa mihuri ile ile: uzito, usafi, thamani.

Hakuna mkuo ulioandikwa ni zebaki kiasi gani ilitumika kuupata, wala ilikwenda wapi. Ilikwenda mtoni. Maelfu ya tani zilipotelea kwenye mito ya California na Nevada. Bakteria wa majini waliigeuza kuwa aina ya zebaki inayoingia kwenye samaki, samaki mdogo akaliwa na mkubwa, na sumu ikazidi kujilimbikiza.

Wachimbaji wale wamekufa zamani. Wapimaji wamekufa. Mikuo iko kwenye makabati ya vioo. Lakini Mto Carson bado uko kwenye orodha ya maeneo ambayo serikali ya Marekani inayasimamia kwa sababu ya sumu, na mamlaka za afya za California bado zinatoa maelekezo kuhusu samaki wa mito, maziwa na ghuba: aina gani waliwe, mara ngapi kwa wiki. Maelekezo makali zaidi ni kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa na kwa watoto. Zaidi ya miaka 150 imepita, na mama wa California bado anasoma bango kabla ya kumkaanga samaki.

Kutoka mifereji ya California hadi mialo ya Geita

Tanzania nayo ina historia yake ya dhahabu na mihuri. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, wakitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzitafuta kama wanavyoitafuta mikuo ya California.

Lakini kinachoiunganisha zaidi California ya mwaka 1850 na Geita au Chunya ya leo ni zebaki. Mchimbaji mdogo hutoa mawe kwenye duara, mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa mwaloni, kisha zebaki humwagwa ili ikamate dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa hadi kubaki donge dogo, na donge lile huchomwa. Njia ni ile ile. Umoja wa Mataifa ulikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2018 kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu, karibu asilimia 38 ya yote.

Upande wa daftari, mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2019 masoko ya madini yamefunguliwa, dhahabu inapimwa kwa mizani inayoonekana, usafi wake unasomwa na mashine, na muuzaji anaondoka na karatasi. Vidole vinene vya muuzaji havina nafasi kubwa kama zamani.

Ila kabla donge halijafika sokoni, lazima lichomwe. Na hapo ndipo nyumba inapoingia. Wapo wanaochomea mwaloni, hadharani. Wapo wanaoogopa wezi, au mvua, au macho ya wenzao, wakabeba donge hadi nyumbani. Si vigumu kukisia mazungumzo ya jioni ya namna hiyo:

"Mama watoto, hebu nipishe hapo jikoni nichome haraka, mnunuzi ananisubiri."

"Na mtoto amelala humu humu?"

"Dakika tano tu. Kwani hata moshi unauona?"

Hauonekani. Hapo baba amesema kweli, na ndiyo maana ni hatari. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mama anayefukuza watoto wasivute moshi wa kuni anaweza kukaa nao kwenye chumba kilichojaa mvuke huu bila wasiwasi wowote, kwa kuwa macho hayamwashi na kifua hakimbani papo hapo.

Mwili wa mtoto si mkubwa uliopunguzwa

Mtu akivuta mvuke wa zebaki, sehemu kubwa, kama asilimia 80, hupita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu. Kutoka hapo hufika kwenye ubongo na figo. Kwa mtu mzima anayeuvuta mara kwa mara, dalili huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, kuumwa kichwa, hasira zisizo na sababu. Wengi hudhani ni uchovu wa kazi, malaria isiyoisha au pombe. Mvuke ukiwa mwingi kwenye chumba kilichofungwa, unaweza kuunguza mapafu ndani ya saa chache na kuua.

Mtoto yuko kwenye hatari zaidi kwa sababu tatu. Kwanza, anapumua hewa nyingi zaidi kwa kulinganisha na uzito wake. Pili, mvuke wa zebaki ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, na chini ndiko mtoto anakotambaa na kucheza. Tatu, ubongo wake bado unajengwa, na kinachoharibika wakati wa kujengwa ni vigumu kukirekebisha baadaye.

Aliye tumboni naye hajifichi. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma. Dunia ililiona hilo kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako taka za kiwanda zenye zebaki ziliingia baharini na samaki wakaliwa na familia za wavuvi. Ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956. Walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo kwa mama ambao wenyewe walionekana wazima au walikuwa na dalili chache tu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Kumwambia baba aache uchimbaji ni rahisi kwa asiyelipa ada ya shule. Familia nyingi zinaishi kwa dhahabu, na hazitaacha wiki hii. Yapo mambo yanayowezekana bila kuacha.

La kwanza ni nyumba. Donge lisichomwe ndani, jikoni wala uani penye watoto. Jiko, sufuria au kijiko kilichotumika kuchomea dhahabu kisirudi kupikia chakula, hata kikisuguliwa kwa mchanga na sabuni.

La pili ni chombo. Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho hukamata mvuke, ukapoa na kurudi kuwa zebaki ya maji inayoweza kutumika tena. Si kitu kipya. Wachimbaji wa California walikuwa nacho, tena hawakukitumia kwa kujali afya, bali kwa sababu zebaki ilikuwa ghali. Baba asiyesikia habari za figo huenda akasikia habari za kutonunua zebaki kila mara.

La tatu ni nguo na chupa. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto, zifuliwe peke yake. Zebaki isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya dawa. Kwa mtoto ni kitu kizuri cha kuchezea, kinachong'aa na kukimbia sakafuni. Ikimwagika, watoto watolewe nje, madirisha yafunguliwe, na isifagiliwe kwa ufagio, maana ufagio huikata kuwa matone madogo zaidi yanayotoa mvuke kwa urahisi. Ikusanywe taratibu kwa karatasi ngumu na kuwekwa kwenye chombo chenye maji na kifuniko.

La nne ni imani za mtaani. Maziwa hayaondoi zebaki mwilini, ingawa ni chakula kizuri. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, lakini mvuke unapita.

La tano ni kliniki. Mama mjamzito au anayenyonyesha anayeosha au kuchoma dhahabu, au anayeishi na anayechoma, amwambie nesi waziwazi. Asiache kunyonyesha kwa hofu kabla ya kupata ushauri. Vilevile mtoto akianza kutetemeka, kukosa usingizi, kubadilika tabia au kurudi nyuma katika kutembea na kusema, mzazi ataje zebaki bila kungoja kuulizwa. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha zebaki iliyoingia kwa njia ya mvuke, lakini hakuna daktari atakayekiandika kama hajui kwamba nyumbani kuna dhahabu inayochomwa.

Wapo wanaonyamaza kwa sababu leseni ya eneo haijakaa sawa, au baba hataki biashara yake ijulikane. Mhudumu wa afya hahitaji kujua duara liko wapi wala limetoa gramu ngapi. Anahitaji kujua donge linachomewa wapi, mara ngapi kwa wiki, na mtoto analala umbali gani kutoka hapo.